Herufi za Kichina kwenye grafu: SimHei au faili lako la fonti?
Ukichora kwa Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu) grafu ya mabondo, yaani vibofu vya hewa, ya sangara hapa Mwanza na mnunuzi akataka kichwa kiandikwe 鱼鳔 (mabondo kwa Kichina), vitatokea visanduku vitupu. DejaVu Sans, fonti ya kawaida ya programu hiyo, haina herufi hizo.

Kutaja SimHei, fonti ya Kichina ya Windows, mara moja kwenye rcParams (mipangilio ya jumla ya Matplotlib) ni kazi ya dakika. Ila alama ya hasi nayo hugeuka kisanduku mpaka mpangilio wa axes.unicode_minus uwe False, na Linux kwa kawaida haina fonti hiyo.

Kubeba faili la Noto Sans SC, fonti huria ya Kichina, na kuliita kwa FontProperties (kifaa cha Matplotlib cha kuelekeza kwenye faili la fonti) kunachosha: inatajwa kwenye kichwa, kila mhimili na ufunguo wa grafu (legend). Lakini grafu hutoka vilevile hapa Kirumba na kule Shanghai. Kwa kazi ya mteja, nachagua njia hii.