Kaunta buku la Langoni, nimelitumia muhula mzima

Jamani walimu wenzangu, kuweka hesabu ya vifaa vya darasa nishajaribu simu, nishajaribu vikaratasi vya kubandika kabatini, mwisho nimerudi kwa kaunta buku, lile la jalada gumu kurasa 192, nimelinunua duka moja la vitabu huku Langoni, Lamu, shilingi 280. Nafundisha gredi ya 3, watoto 47, na penseli zilikuwa zapotea kama zina miguu. Sasa nimepiga safu nne: tarehe, kitu, kilichotoka, kilichobaki, na mtoto akichukua kichongeo aandika jina mwenyewe, hata yule ambae herufi zake zaenda mrama, halafu utamsikia "mwalimu mimi nimerudisha, angalia!" na kweli ukiangalia karudisha. Alhamisi jioni ndo nahesabu. Wiki ilopita karatasi za manila zilikuwa 11 na buku lasema 14, kumbe 3 ziko darasa la jirani zishakatwa matanga ya jahazi, na mwenzangu wala hana habari.

Karatasi ni nzuri, wino haupenyi. Ila gundi ya mgongo haipatani kabisa na huu unyevu wa bahari, mwezi wa pili tu kurasa za kati zikaanza kuachia nikazishona na uzi wa nyavu. Muuzaji nae risiti hatoi mpaka umkumbushe, na bila risiti shule hairudishi hata senti. Chaki msinunue hapo, boksi langu nusu lilikuwa vipande. Lakini buku nishamwambia aniwekee la mwakani.