Lenzi inayokuza mara 10 kwa stempu za G.E.A.: inatosha, ila taa yake izime

Ni lenzi ya kukunja, kioo cha milimita 21, niliyonunua kwa shilingi 25,000. Nimeitumia miezi minane hapa Dodoma kukagua stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye sura ya Mfalme George wa Tano, zilizopigwa herufi G.E.A. (German East Africa, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani) juu yake mwaka 1917 Waingereza walipokuwa wameikalia ardhi ya Wajerumani. Naipa nyota 4. Zile za plastiki zilizoandikwa "mara 60" achana nazo. Hazikuzi kiasi hicho, na pembeni herufi zinapinda.

Lenzi ikae karibu na jicho, kisha isogeze stempu kwa kibano mpaka ibaki kama sentimita 2.5 kutoka kwenye lenzi. Nyota iliyopungua ni ya taa: inamulika kutoka juu, wino unang'aa, huoni kitu. Kaa dirishani, mwanga uje kwa ubavu. Herufi halali zina wino uliojikusanya ukingoni, kwa kuwa herufi za chuma ziliugandamiza kwenye karatasi. Za printa ya siku hizi zinaonyesha vitone, au unga uliokaa juu ya nyuzi.

Halafu angalia herufi zinapokutana na muhuri wa posta. Muhuri unatakiwa uwe juu. Ukiwa chini, kuna mtu kachukua stempu iliyokwisha tumika akaipiga herufi baadaye. Tatizo ni kwamba mweusi juu ya mweusi hudanganya jicho, na lenzi hii haimalizi ubishi huo. Soma tarehe basi: muhuri wa 1914 kwenye stempu ya G.E.A. hauwezekani, maana herufi zilipigwa 1917. Stempu za thamani ya rupia zikague mara mbili, na usiziloweke. Karatasi yake ina chokaa na rangi inachuja.

Kwa alama ya maji, yaani mchoro hafifu uliomo ndani ya karatasi yenyewe, lenzi haisaidii. Laza stempu kifudifudi juu ya kigae cheusi: toleo la 1917 lina taji na CA (Crown Agents, mawakala wa serikali ya Uingereza kwa makoloni) ya herufi za kawaida, la 1921 CA yake ni ya mwandiko wa mkono.

Kwa stempu za Kongo zilizopigwa maandishi na Wabelgiji, Kifaransa na Kiholanzi pamoja, inafaa vilevile.

Vumbi la huku lipulize kwanza, ndipo ufute kioo, la sivyo utakikwaruza. Na kiangazi stempu yenye gundi hujikunja ukiitoa tu kwenye albamu. Usiinyooshe kwa vidole, itakatika.