Kuvua kwa mshipi ufukweni Malindi na watoto: uzoefu wangu

Kama watoto wako wamezoea kuchezea bwawa la hoteli kila mkija Malindi, mtafute mvuvi anayefundisha familia kuvua kwa mshipi kutoka ufukweni. Tulikwenda sote, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe, tukalipa shilingi 4,000 kwa alasiri nzima. Humo mna mishipi, ndoana, chubwi (kizito cha kuzamisha uzi), chambo cha kamba na ngisi, na mkaa wa kuchomea samaki.

Kilichonipendeza kabla ya vyote ni kwamba mzee huyu hupanga saa kwa kufuata maji, hafuati matakwa ya mteja. Nilipompigia simu alinikatiza: "Bamvua hii, mwanangu. Asubuhi maji yamekupwa, mtakaa mtazame mchanga. Njooni saa saba." Na ndivyo ilivyo. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hapa kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mpaka saa kumi, kumi na moja alasiri. Samaki huingia na maji yanayojaa, wakitafuta kaa na vijidudu kwenye mchanga uliokuwa mkavu. Mwaka jana watu wengine walitutoa asubuhi bahari ikirudi nyuma. Pesa wakachukua, watoto wakaungua jua, na hakuna mshipi hata mmoja uliodonolewa. Lile liliniuma sana.

Mzee alituweka kaskazini mwa mji, mbali na Hifadhi ya Taifa ya Bahari, ambayo ipo tangu 1968 na ambamo hairuhusiwi kuvua, hata kama anayevua ni mtoto na mshipi wake. Ubaya wa upande huu ni Mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara mto hushusha tope, na upepo wa kaskazi hulisukuma tope hilo hadi kwenye ghuba yetu, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Sisi tulikwenda Februari, yakiwa yameanza kutakata.

Kabla mtu hajakanyaga maji, aliwafundisha watoto kutembea wakiburuta miguu. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani. Ukimkanyaga hukuchoma kwa mwiba wa mkiani, lakini ukiburuta miguu hushtuka akaenda zake. Birika la maji ya moto lilikuwa tayari kwenye mkaa, kwa sababu aliyechomwa na taa hutumbukiza kidonda katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, kisha hupelekwa hospitali. Mimi kama mama, birika lile lilinituliza moyo.

Mshipi wenyewe hauna fimbo, ni uzi wa nailoni uliozungushiwa kipande cha ubao. Alimsimamisha binti yangu maji yakimfika magotini, akamwonyesha kuzungusha chubwi na kuliachia, kisha akaulaza uzi juu ya kidole chake cha shahada. Kazi yote iko kwenye kidole hicho. Kaa akishika chambo uzi hukwaruza polepole, lakini samaki aitwaye changu hudonoa harakaharaka, akatulia, halafu akavuta. "Usivute kwa pupa, mjukuu wangu. Mwache ale." Binti akafumba macho ili asikilize kidole tu. Alipovuta, alitoka chaa mwembamba anayemetameta, na kwa kelele alizopiga bibi yake aliinuka mkekani akaja mbio.

Kuna wakati alinaswa bunju, akajivimbisha, watoto wakataka kumshika. Mzee alimtoa ndoana mwenyewe, akamrudisha majini, akawaambia bila kuzunguka: huyu ana sumu, hata umpike haitoki, haliwi. Changu wadogo nao walirudishwa. Waliobaki tuliwachoma kwa chumvi, ndimu na pilipili, tukala na mkate wa sinia aliouoka mama mkwe.

Kuna mambo anapaswa kuyarekebisha. Hana turubai wala mwavuli, na jua la saa nane ufukweni si la mchezo. Choo hakuna; tulitembea hadi mkahawa wa jirani na kuomba. Halafu mishipi yake yote ni ya unene mmoja. Samaki alipovuta kwa nguvu uzi ulimkata kitinda mimba wangu kidole, ikabidi nimfunge kitambaa. Kwa watoto wadogo angetoa glavu za pamba au uzi mnene zaidi.

Nampa nyota nne kwa tano, na nimeshamwekea nafasi ya bamvua ijayo. Ukienda, beba kofia, maji ya kunywa, plasta na viatu vya majini, na usimshurutishe abadili saa.