Walifuta picha ya mikono ya mama: uzoefu wangu na chalenji ya picha ya siku 30

Nimengoja hasira ipungue ndio niandike na haijapungua, kwa hivyo wacha niandike hivyo hivyo.

Ni ile chalenji ya picha ya siku 30. Asubuhi mnatumiwa neno moja kwa grupu ya WhatsApp, siku nzima unatafuta picha inayoendana na hilo neno, jioni unaiweka na sentensi tatu nne za kusema kwa nini umepiga hiyo na sio ingine. Kiingilio mia tano kwa Mpesa. Jina lao sitaji, waliokuwa ndani wanajua ninaongea nini. Na kwa wale mnaoniuliza kama mjiunge, jibu ni hapana, msijiunge, kaeni na mia tano zenu. Ama ngojeni kwanza niwaeleze, kwa sababu nikisema hapana peke yake nitakuwa nimedanganya kidogo.

Mimi nina kibanda cha Mpesa hapa Kisumu, njia ya kuingia Obunga. Mnajua hii kazi vile iko, asubuhi watu wamejaa, jioni wamejaa, lakini kutoka saa saba mpaka saa kumi unakaa unaangalia barabara. Hayo masaa nilikuwa nayamaliza kwa simu nikiangalia maisha ya watu wengine, harusi zao, nyumba zao, watoto wao, mpaka nasikia uchovu na sijafanya kitu. Rafiki yangu wa kanisani akanitumia linki akaniambia jaribu hii, utaacha kuangalia za watu uanze kuangalia zako. Nikalipa.

Siku ya kwanza neno lilikuwa Mlango. Nimekaa kwa hicho kibanda miaka na sikuwa nimewahi kuona vile mbao ya dirisha imelika pale watu wanapoweka viwiko wakihesabu pesa. Rangi ya bluu imetoka kabisa, mbao inang'aa kama imepigwa msasa, na ni viwiko tu, viwiko vya watu ninaowajua. Nikapiga hiyo. Nikaandika nani huegemea hapo na huwa anatumia nani pesa bila kutaja majina, na nilipomaliza kuandika nikapata macho yamelowa, sijui hata kwa nini.

Basi nikashikwa. Neno likawa Njano, nikapiga mitungi ya maji imepanga foleni peke yake wenyewe wakiwa kivulini. Neno likawa Kungoja, nikaenda mpaka Kondele kupiga mtu wa boda amelala juu ya pikipiki yake miguu kwa usukani. Kulikuwa na siku ya picha za zamani nikatoa ile ya mwaka wa 2020 ziwa lilipopanda, geti limesimama katikati ya maji na nyumba haifikiki. Kaka mmoja wa Nakuru naye akaweka ziwa lao, ile miti iliyokauka imesimama ndani ya maji kwa sababu ziwa limepanuka mpaka likaifikia, na akaandika kuhusu baba yake maneno ambayo nimeyakumbuka mpaka leo.

Huyo kaka ndiye alinifunza kitu ambacho adimini hawakuwahi kufunza mtu, na wao ndio walichukua pesa. Nilikuwa nalalamika kwamba nikipiga mtu ndani ya nyumba uso unakuwa kivuli kitupu. Akaniambia simu inafuata mwanga wa dirisha, inaona kumeng'aa sana inapunguza kila kitu, na ngozi zetu ndizo zinaumia. Gusa uso wa mtu kwa skrini, halafu vuta kidole juu taratibu uone anavyotokea. Tena akaniambia nikituma kwa grupu nitume kama dokumenti, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida inabanwa inapoteza ile hali yake. Vitu viwili hivyo tu na picha zangu zikawa zingine.

Siku ya neno Taa nikashuka Dunga jioni kungoja mashua za omena. Huku kwetu tuko karibu sana na ikweta, jua likianza kuzama halikungoji, ukisema nimalize kwanza hiki dakika kumi giza limeshaingia. Nikaegemeza simu kwa ukingo wa mashua isitikisike na nikangoja taa zao zianze kuwaka mbali kwa maji, moja, tatu, halafu nyingi mpaka ungefikiri kuna mji ng'ambo. Mama mmoja alikuwa anakunja nyavu zake za kuanikia, nilipoinua simu akaniuliza, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "ukimaliza kupiga unapeleka wapi?" Nikamweleza yote. Akasema sawa, lakini usoni usinipige. Sikumpiga usoni. Nadhani kila mtu mwenye simu anafaa kuulizwa hilo swali, na kuna sheria ya kulinda data ya watu tangu mwaka wa 2019 lakini hata bila sheria huyo mama alikuwa na haki ya kuuliza.

Nawaambia hayo yote mjue nilikuwa mtu wa aina gani mle ndani. Sikuwa natuma picha za haraka haraka.

Sasa ikaja siku ya 17. Neno: Mikono.

Mama yangu anakaanga mgongo wazi. Kwa wale hamjui, mbuta akifika kiwandani anatolewa minofu, minofu inapakiwa barafu inapanda ndege inaenda Ulaya, na kichwa na uti wa mgongo na ile nyama kidogo iliyobaki kwa mifupa wanauziwa kina mama. Wanakausha, wanakaanga kwa sufuria kubwa ya mafuta, na hiyo ndio samaki watu wengi wa hapa wanaweza kununua. Mama amefanya hiyo kazi tangu nikiwa darasa la pili. Mikono yake imejaa alama za mafuta kutoka vidoleni mpaka kwa kiwiko, zingine za zamani zimekuwa nyeupe, zingine za juzi. Kidole kimoja hakikunji vizuri. Sare yangu ya shule ilitoka kwa hiyo mikono, karo ilitoka hapo, hata pesa ya kwanza ya kufungua hiki kibanda nilipewa imekunjwa kwa kitambaa ikinuka samaki.

Nilimwomba. Yeye pia aliuliza naipeleka wapi, nikamwambia kuna watu kama mia mbili wataona, akanyamaza, halafu akasimama kwenda kunawa. Nikamwambia mama usinawe. Akaniangalia sana. Akarudi akakaa, akanyoosha mikono juu ya sufuria akiwa ameshika ule mgongo, mafuta yakimetameta mpaka kwa mkono, na jua la saa kumi likiingia kwa upande. Nikagusa mikono kwa skrini, nikavuta kidole juu kama nilivyofunzwa. Nilipiga moja tu.

Niliituma saa moja jioni. Saa moja na robo imeondolewa. Hapo kwa picha pameandikwa tu kwamba adimini ameifuta, na chini yake mbele ya watu wote akaandika, "Dada tunaomba picha zenye mvuto, hii ni mifupa na mafuta, tuko hapa kuinuana moyo."

Nilitetemeka. Nikaandika, hiyo ni mikono ya mama yangu. Akajibu, "Basi angenawa kwanza."

Angenawa kwanza.

Halafu akafunga grupu, adimini pekee ndio wakawa wanaweza kuandika, na kitu kilichofuata kuwekwa ni picha ya mikono ya mtu mwenye kucha zimepakwa rangi ameshika kikombe cha kahawa, na yeye mwenyewe adimini akaipongeza na mioyo mitatu. Sina shida na huyo dada wa kahawa. Hiyo ni mikono yake na alikuwa na haki. Lakini mtu mzima anayechukua pesa za watu anasema leteni maisha yenu ya kila siku, unaleta maisha yako ya kila siku, anakwambia uyaoshe kwanza! Kila siku ya nani sasa? Ungesema tangu mwanzo unataka maua na vikombe nibaki na mia tano yangu ninunue unga.

Na mama alikuwa anangoja. Hilo ndilo wale watu hawawezi kujua. Kila jioni nikifunga kibanda alikuwa ananiuliza watu wamesema nini, na siku hiyo amekaa nje kwa kiti chake ananiuliza wamesema nini juu ya mikono yangu. Sikuweza. Nikamwambia mtandao uko chini. Sijazoea kumdanganya mama yangu na nililala na hiyo kitu kifuani kama jiwe.

Usiku nikaletewa ujumbe kwa inboksi, huyo huyo adimini: "Pole kama ulikwazika, picha ni nyingi hatuwezi kuangalia moja moja kwa makini." Haya, nataka kuwa mkweli, labda ni kweli alikuwa amechoka. Watu mia mbili kila jioni sio mchezo, na hakuna mtu anamlipa mshahara, ama labda analipwa na zile mia tano, sijui. Asubuhi yake nilikuwa karibu kumsamehe. Lakini nikirudi kwa hilo neno kama, nashindwa. Niliandika mbele ya watu wote kwamba ni mama yangu, sasa bado unauliza kama nilikwazika? Na kama picha ni nyingi huwezi kuziangalia, iliwezekana vipi kuiangalia hii yangu vizuri mpaka ukaona haijanawa? Hapana. Sikumjibu na sitamjibu.

Siku mbili tatu baadaye namba nisiyoijua ikaniandikia. Ni dada wa upande wa Kakamega, tulikuwa wote mle kwa grupu lakini hatujawahi kuongea. Akasema aliiona ile picha kabla haijafutwa, kwamba mamake alikuwa anauza mgongo wazi kwenye stendi ya magari mpaka alipofariki, na hakuna mtu kwao aliwahi kumpiga picha akiwa kazini, wana picha zake za kanisani tu na za harusi amevaa kitenge. Akauliza kama naweza kumtumia hiyo. Nikamtumia, kama dokumenti, ifike yote. Akanitumia sauti ya dakika nzima na karibu yote ni kilio.

Huo ujumbe ndio nilimwekea mama asikilize, na hapo ndipo nilimwambia ukweli wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Kwani huyo kijana hakuona ni mikono?" Akaendelea kuchambua samaki. Mimi ndiye niliyelia.

Kwa hivyo nikiulizwa nyota ningetoa moja, na hiyo moja ni ya yule kaka wa Nakuru. Halafu nafikiria kwamba bila hao watu nisingemjua huyo kaka, wala dada wa Kakamega, wala nisingekuwa na hiyo picha ya mama kwa sababu hakuna siku ningeamka tu nimwambie mama nyoosha mikono nikupige. Miaka yote hiyo nimekuwa na simu mkononi na yeye yuko hapo kando ya sufuria. Hiyo inaniuma kuliko adimini, na sijui niihesabu kama ubaya wao ama uzuri wao. Wekeni mbili. Hapana, huduma yenyewe ni moja, yale maneno yao ya kila asubuhi ndiyo mazuri, na maneno mtu yeyote anaweza kuandika thelathini kwa karatasi, mkae na marafiki zenu watano mfanye bila kulipa mtu.

Kuweka picha kwa grupu niliacha hiyo siku ya 17. Lakini asubuhi iliyofuata mama aliniuliza, leo neno ni gani? Bado nilikuwa ndani, kwa hivyo nikasoma, lilikuwa Kimya. Tukafanya sisi wawili. Ananitajia vitu ambavyo mimi sioni, siku ya Deni alitoa daftari lake la wateja ambalo sikuwahi kuruhusiwa kulishika nikiwa mtoto, na siku ya mwisho neno likiwa Mimi alichukua simu akaniambia kaa pale kwa dirisha. Hajawahi kupiga picha maishani mwake. Aliacha alama ya mafuta kwa skrini na picha imelala upande, lakini niko hapo, nimeweka kiwiko pale pale rangi ilipotoka.

Hiyo sijaonyesha mtu. Ile ya mikono niliichapisha mjini nikaiweka kwa fremu, iko juu ya kochi, na wageni wakija mama anawaonyesha kabla hajawapa chai.

Juzi wametuma linki tena, wanaanza mwezi ujao, na mama ameniuliza mara mbili maneno mapya yanakuja lini. Sijalipa. Linki pia sijaifuta.