Riga kwa jicho la mtu wa Arusha: anzia sokoni

Arusha inaishi kwa kupokea wageni, kwa hiyo mtu wa hapa akisafiri huangalia mambo ambayo mtalii wa kawaida hayajali: bei imeandikwa au inatajwa kwa kukutazama usoni, nani anakuelekeza ukipotea, choo kiko wapi. Kwa vipimo hivyo Riga, mji mkuu wa Latvia, inapata alama nzuri. Inazipoteza kwenye Mji Mkongwe wake, ambako imejifunza tabia tunazozijua fika.

Anzia Soko Kuu lao. Liko jirani na stesheni ya treni na stendi ya mabasi, karibu na mto Daugava, ndani ya mabanda matano makubwa yenye mapaa ya mviringo. Mapaa hayo yametokana na mabanda ya Wajerumani yaliyokuwa yakihifadhi vyombo vya anga vya Zeppelin. Yalifunguliwa vipande, yakaletwa mjini, na soko likaanza kazi mwaka 1930. Kila banda lina shughuli yake: nyama, maziwa, mboga, samaki, na la vyakula vilivyopikwa. Mtu wa soko letu la Kilombero, Arusha, atakachoshangaa kwanza ni ukimya. Hakuna anayekuvuta mkono wala kukuita "karibu dada". Muuzaji hatabasamu mpaka umsalimie, na hiyo si dharau, ndivyo walivyo. Sema "labdien" mchana, "paldies" ukishukuru, na sura inafunguka.

Bei imebandikwa kwa kilo na hakuna kupatana. Kuonja kupo, hasa kwenye kabichi iliyochachushwa na matango ya chumvi. Banda la samaki ndilo bora kuliko yote: samaki wa kukaushwa kwa moshi wa kila aina, wakiwemo dagaa wa Bahari ya Baltiki wanaowekwa kwenye makopo na mafuta. Aliyezoea dagaa wa Mwanza asitegemee ule mkauko, hawa ni laini na wana utamu wa moshi. Upande wa maziwa kuna kefiri, ndugu wa karibu wa mtindi wetu. Mkate mweusi wa rai, nafaka jamaa ya ngano, ni mzito na mchachu kidogo, na hukaa siku nyingi bila kuharibika, kwa hiyo ndio zawadi rahisi kubeba. Kuna pia siagi ya mbegu za bangi. Hailewi mtu, ni chakula cha asili cha kule, lakini uile huko huko. Kumweleza ofisa wa forodha wa uwanja wetu wa ndege, KIA, kwamba ni ya kupaka mkate si kazi ya kuitamani.

Kuhusu kubeba vitu kwenda, hapa ndipo wengi hunaswa. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka nchi kama yetu, hata kiasi kidogo cha kula njiani. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Kwa hiyo mkungu mdogo wa ndizi unapita, parachichi linaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Asali mwisho kilo mbili. Kahawa iliyokaangwa haina shida. Wakati wa kurudi, dagaa wa mafuta na asali weka kwenye begi kubwa, maana kwenye begi la mkononi huhesabiwa kama vimiminika na kikomo kwa kawaida ni mililita 100.

Viza ni ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi hupelekwa si mapema kuliko miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukipita Amsterdam, pasipoti hukaguliwa hapo hapo, kwa hiyo usikubali nafasi ya dakika 50 kati ya ndege na ndege, foleni peke yake inaweza kuimaliza. Ukipita Istanbul, unakaguliwa Riga. Na ukinunua tiketi ya kipande cha mwisho cha safari kando kwa bei ya chini kabisa, hakikisha begi kubwa limo, kwani mara nyingi halimo.

Kutoka uwanjani, basi namba 22 linafika katikati ya mji kwa kama nusu saa. Nunua tiketi kabla ya kupanda, kwenye mashine au kibanda cha Narvesen, kisha igonge kwenye kifaa ndani ya basi. Kuwa nayo mfukoni bila kuigonga ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi hupita. Bolt, teksi ya kuita kwa simu, ipo, ile ile inayotumika Tanzania. Kampuni hiyo ilianzia Tallinn, nchi jirani ya Estonia, kwa hiyo kule iko nyumbani.

Mji Mkongwe tembea, usile. Migahawa ya kwenye viwanja vikuu inauza mandhari. Vuka nje kidogo utafute ya kujihudumia kwa trei: unaona chakula, unaelekeza kwa kidole, unalipa mwishoni. Asiyekula nguruwe ajifunze neno "cūkgaļa". Nyama hiyo imo kwenye njegere za kijivu na kwenye vimkate vidogo vya pīrāgi ambavyo kwa nje havitoi dalili yoyote. Begi la magurudumu juu ya mawe ya barabara zile huvunjika, kwa hiyo beba mgongoni.

Kwenye jengo la Blackheads utakuta kichwa cha mtu mweusi kwenye nembo. Ni Mtakatifu Maurice, mlinzi wa chama cha wafanyabiashara wasiooa waliokutana hapo. Jengo lenyewe ni jipya: la awali lilipigwa mabomu mwaka 1941, magofu yakabomolewa 1948, na hili likakamilika 1999.

Arusha ina makumbusho ya Azimio la Arusha, na waliopanga foleni maduka ya kaya wapo bado. Lakini ujamaa wa Riga ulikuja na vifaru vya Umoja wa Kisovieti. Nyumba ya kona, Brīvības 61, ilikuwa makao ya KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, na vyumba vya mahabusu huingiwa pamoja na mwongozaji. Panga nafasi mapema, na usimpeleke mtoto mdogo. Kazi ya uongozaji pale ni ya kuigwa: hakuna sauti ya kuigiza, ni ukubwa wa chumba, idadi ya watu waliosongamana humo, na joto lake. Mwezi Machi 1949 pekee, zaidi ya watu 42,000 walitolewa Latvia kupelekwa Siberia. Ukishalijua hilo, hutamsalimia mzee yeyote kwa Kirusi kwa kudhani unampendeza. Wapo wengi wanaokizungumza nyumbani, lakini acha waanze wao.

Nguo za usiku wa kupanda Kilele cha Uhuru zinatosha kwa Januari, na za kukodi zinapatikana Moshi na Arusha. Buti za mlima ndizo huangusha watu, kwa kuwa soli yake ngumu huteleza kwenye barafu tupu. Vaa tabaka tabaka, kwani ndani ya nyumba kuna joto kali. Ukiona utepe umezungushiwa njia ya miguu, usiuruke: joto la nyumba huyeyusha theluji ya paa, maji yanaganda ukingoni, na vipande hivyo hudondoka.

Siku tatu zinatosha, ya nne ni ya treni kwenda ufukwe wa Jūrmala, kama nusu saa. Desemba mwanga wa mchana ni wa kama masaa saba tu, Juni unakaribia masaa 18. Mei na Septemba ndiyo miezi yenye raha. Ukienda Juni, nunua chakula tarehe 22. Tarehe 23 na 24 ni sikukuu ya Jāņi, wenyeji huenda mashambani kuwasha moto usiku kucha, na milango mingi ya mjini hufungwa.