Seti ya treni ya makaa ya mawe: bahasha ya kadi imeishinda treni yenyewe

Seti ya treni ndogo ya mfano niliyoiagiza kwa muuzaji wa nje ya nchi ilifika Mbeya ikiwa na kichwa kimoja cha dizeli, mabehewa kumi na mawili ya makaa ya mawe, behewa moja la kufungwa, reli za kutengeneza duaradufu, pointi tatu za kugeuzia njia, jengo la plastiki la kupakilia makaa, na bahasha ya kadi ndogo ambazo nusura nizitupe pamoja na maboksi. Ni ya kipimo cha HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na inaigiza reli za matawi za milima ya Appalachia huko Marekani, ambako treni fupi zilipanda mabondeni kupeleka mabehewa matupu migodini na kushuka na yaliyojaa.

Siku mbili za mwanzo treni ilizunguka, tukaitazama. Siku ya tatu mpwa wangu akauliza, "Mjomba, hayo makaa yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na hapo ndipo udhaifu wa seti hii ulipo. Treni ya mizigo mchanganyiko humpa mchezaji kazi kwa sababu kila behewa lina mwenyewe na mahali pake, lakini mabehewa kumi na mawili yanayofanana, yenye shehena moja, hayampi mtu sababu ya kutenganisha hili na lile. Kijitabu cha maelekezo kinaeleza namna ya kuunganisha nyaya, kisha kinanyamaza.

Kadi ndizo zilizoiokoa. Kila behewa lina kadi yake, na ndani ya kadi huchomekwa kipande cha karatasi kinachotaja aina ya makaa na yanakopelekwa. Ili kuelewa maana yake ni lazima kujua kwamba mgodi wa aina ile haukuwa ukipakia makaa ya namna moja: makaa yalichekechwa, mabonge yakaenda upande huu, ya wastani upande ule, vumbi kwingine, na kila saizi ilikuwa na njia yake ya reli chini ya jengo. Mabehewa matupu yaliachwa upande wa juu wa mteremko, yakateremshwa moja moja kwa uzito wake huku mtu akiyazuia kwa breki ya mkono, yakajazwa, kisha yakakusanyika upande wa chini yakisubiri kichwa. Kwa hiyo kadi zinapodai mabehewa mawili ya mabonge kwa majiko ya nyumbani na manne ya makaa madogo kwa kiwanda, ni lazima uyatoe kwanza yaliyojaa, uyapange, ndipo uingize matupu, na kila njia ipate idadi yake. Behewa la kufungwa nalo, ambalo nililidhani pambo, hubeba magogo ya kuegemezea dari za mgodi, mafuta ya mitambo na bidhaa za duka la wachimbaji. Mahali pake pa kushushia pako mwisho wa njia ambayo kila mara ina behewa jingine limeiziba. Safari moja ya namna hii hunichukua dakika arobaini, ilhali mzunguko mmoja wa duaradufu haumalizi hata nusu dakika.

Lililobaki nililifanya kwa seremala wa Mwanjelwa. Juu ya plaiwudi ya futi nane kwa nne alisimamisha ukuta wa hadibodi katikati, nami nikauchora Mlima Rungwe, upande mmoja ukiwa mgodi na upande wa pili kiwanda cha saruji. Njia mbili hupenya ukuta nyuma ya majengo hayo. Matupu yanayosukumwa mgodini hutokeza kiwandani yakiwa matupu, kana kwamba yamekwisha kushushwa, na yaliyojaa yanayoingizwa kiwandani hutokeza mgodini yakiwa tayari kusafirishwa. Mbinu hii ni ya zamani miongoni mwa wapenzi wa treni ndogo, na humwondolea mtu kero ya kutoa na kurudisha makaa kwa vidole. Mgodi nimeuita Kiwira bila kuona haya. Makaa ya Kiwira halisi husafiri kwa malori, kwa kuwa reli haikuwahi kufika huko. Tawi la reli la Kiwira, basi, lipo kwenye meza yangu tu.

Kasoro zipo. Transfoma iliyokuja ni ya volti 120, wakati umeme wetu ni wa 230, na muuzaji hakuandika onyo lolote. Kama nisingesoma maandishi madogo ya nyuma ningeiunguza jioni ile ile. Mabehewa ni mepesi mno. Behewa la urefu wa sentimita 15 linashauriwa kuwa na takriban gramu 113, lakini haya hayafiki hata nusu yake, hivyo yakisukumwa kinyumenyume kwenye pointi huruka nje ya reli. Niliponunua kwa fundi matairi vile vyuma vya risasi vya kubalansia magurudumu na kuvigandisha chini ya tumbo la kila behewa, tatizo likaisha. Vumbi la kiangazi nalo hushika magurudumu, na bila kufuta reli kwa spiriti kila wiki kichwa husimama njiani.

Jirani yangu, mstaafu wa TAZARA, aliweka rula kupima upana kati ya reli mbili, akapata milimita 16.5, akazidisha kwa 87, akatikisa kichwa. "Mzee mwenzangu, hii ni 1,435. Hii ni SGR. Yetu ni 1,067." Ni kweli, na bado huja kila Jumapili kuzisoma kadi kwa sauti kama mkuu wa stesheni.

Kwa anayetaka kununua: seti inafaa, mradi awe tayari kuongeza pointi mbili. Kwa tatu zilizomo, jengo la kupakilia hupata njia mbili tu, na vumbi la makaa linabaki halina pa kupakiwa.