Ramani ya nyumba inayogawanyika: mwaka wa sita ndani yake, haya ndo maoni yangu

Habari za leo wana jamii. Niliahidi nikikaa kwenye hii nyumba muda wa kutosha nitaandika ukweli wote, mazuri na mabaya, kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza anunue ramani iliyo tayari ya laki na nusu au amlipe mtu amchoree yake. Mimi nililipa laki tisa kwa mchoraji wa hapa hapa Dar, mume wangu alinuna karibu mwezi mzima, na leo ukimuuliza yeye ndo anayewaambia rafiki zake wamtafute yule kijana.

Nianzie nyuma kidogo maana bila hapo hamtanielewa. Mimi nimelelewa kwa bibi Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili kabisa, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, baraza mbele na uani nyuma. Vyumba vyote saizi moja na kila kimoja kina mlango wake wa koridoni, hakuna kupita chumbani kwa mtu ili ufike kwako. Kwa hiyo bibi alikuwa anaicheza ile nyumba anavyotaka. Alipokuwa na watoto wadogo walikaa vyumba vinne na kupangisha viwili, mjomba alipooa mpangaji mmoja akapewa notisi ya miezi mitatu mjomba akaingia na mkewe, shangazi aliporudi na wanae akapewa cha nyuma karibu na uani, na babu alipofariki bibi akabaki na kimoja tu, vingine vikamlisha mpaka naye alipoondoka. Ukuta haukuvunjwa hata mmoja miaka yote hiyo. Uani ndo ilikuwa na kelele za kugombania zamu ya kufagia na ndoo za maji, sisemi ilikuwa pepo, ila nyumba yenyewe haikumfukuza mtu.

Sasa linganisha na dada yangu, kanunua apatimenti vyumba viwili kwa kampuni ambayo sitaitaja, nzuri, lifti ipo, maji hayakatiki. Mama yetu alipofanyiwa operesheni ya nyonga ilibidi akae kwa dada kwa ajili ya kliniki, basi mama mtu mzima kalala sebuleni miezi minne nyuma ya pazia, na mlango wa choo ni sentimita 70, kile kigari cha kutembelea hakipiti, anashikwa mkono na mjukuu mpaka ndani. Dada akauliza kama anaweza kutoa ukuta wa stoo apate kachumba, akaambiwa ukuta ule ni zege na ndo umebeba jengo, hauguswi. Hela zote zile halafu huwezi kumstiri mama yako. Ghorofani ndo tunakoelekea wengi, pale Magomeni Kota tu mwaka 2022 kaya 644 zilipata nyumba za ghorofa mahali palipokuwa na kota za zamani, na mtu kupata choo cha ndani ni heshima kubwa, sibezi hata kidogo. Swali langu kwa wanaochora hizi nyumba ni hilo hilo, huyu mtu akiongezeka au akipungua mle ndani afanyeje?

Haya, turudi kwangu. Kiwanja chetu kipo Chanika, na mwaka 2018 tulipokaa na mchoraji kitu cha kwanza hakuuliza tunataka vyumba vingapi, aliuliza nani anaishi na sisi, nani anaweza kuja, nani ataondoka na lini. Nikamtajia mpaka mtoto wa shemeji aliyekuwa kidato cha pili. Akatuonyesha kwenye simu picha za Chile, mji wa Iquique, mtaa unaitwa Quinta Monroy, msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake mwaka 2004 walijengea familia 93 nusu ya nyumba, ile nusu ngumu yenye msingi, choo, jiko na ngazi, halafu wakaacha nafasi kila familia ijaze nusu yake kadri hela inavyopatikana. Kijana akasema sisi huku tunajenga nusu kila siku, mtu anaanza na chumba kimoja anahamia, tatizo hatuipangi ile nusu ya pili, ndo maana unakuta nyumba ina vyumba vimebandikwa bandikwa, vingine havina dirisha. Hapo ndo alinimaliza.

Alichotuchorea ni kama nyumba ya bibi iliyovalishwa suti. Korido inatoka mbele mpaka uani, kushoto sebule na jiko, halafu vyumba vinne vyote futi 12 kwa 12. Hakuna masta kubwa, yani chumba kikubwa cha baba na mama, na hapo ndo mume wangu alinuna, lakini ndo siri yenyewe, chumba kikiwa sawa na wenzake hakuna kinachoitwa cha watoto au cha wageni milele. Vyoo viwili vimepeana mgongo kwenye ukuta mmoja pamoja na sinki la jiko, kwa hiyo mabomba yote yamekaa upande mmoja. Milango yote sentimita 90 mpaka ya choo. Nguzo na linta, yani ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, ndo zimebeba paa, na pale ambapo tungeweza kuhitaji mlango baadaye fundi aliongeza nondo kwenye linta kisha chini akajenga tofali za kawaida kwa mota hafifu ya chokaa ili zitoke kirahisi, akapiga plasta, ukiangalia huoni kitu. Sehemu kama hizo zipo tatu na kwenye ramani zimepigwa alama nyekundu. Ile ramani nimeilaminesheni ipo kabatini na hati ya kiwanja.

Imetusaidia nini? 2021 mama mkwe alipata kiharusi akaja kwetu kutoka Tanga. Tukampa chumba cha nyuma kulia, binti anayemuangalia akawa chumba kinachofuata, na usiku wa kwanza mama aliita hakusikika. Kesho yake fundi akaja na tindo, akagonga pale penye alama, tofali zikatoka moja moja zikiwa nzima, saa nane mchana tayari kuna mlango kati ya vyumba viwili na nyumba haikupata hata ufa. Nilisimama pale nikalia, sitanii, maana nilimkumbuka mama nyuma ya lile pazia kwa dada.

Mama mkwe akapata nafuu akarudi kwake 2023, vyumba viwili vikabaki vitupu na ada za shule zinatuwinda. Vile vyumba vina choo chao na mlango wa ubavuni unaotoka nje, tukaziba korido kwa tofali pale palipoachwa fremu, ikawa chumba, sebule na choo ndani, wakaingia wana ndoa vijana kwa laki moja na thelathini kwa mwezi. Kibaraza cha jiko la gesi walitengenezewa kwenye kona, bomba lipo ukuta ule ule, fundi hakuchimba sana.

Sasa mabaya, na msiyapuuze. La kwanza umeme. Kwenye ramani alisahau kabisa kugawa waya, meinswichi moja na Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja, kwa hiyo tulivyopangisha ilibidi tukate plasta kuta tatu kupitisha paipu mpya na kufunga sabmita, yani mita ndogo ya mpangaji, laki nne na themanini zikaondoka ambazo wakati wa kujenga ingekuwa hela ya paipu tu. La pili chemba ya maji machafu ni moja, wakiziba wao tumeziba wote, na jambo hili limewahi kutukosanisha Jumapili asubuhi. La tatu kelele. Kuta za ndani zimeishia kwenye dari, juu ya jipsam kupo wazi mpaka kwenye bati, yani mpangaji akikohoa sauti inapanda inapita juu inashuka chumbani kwangu, na sitaki kufikiria wao wanasikia nini vya kwetu. Ukuta unaotarajia kugawa nyumba mwambieni fundi aupandishe mpaka ufike kwenye bati kabisa, ni tofali chache tu. Nilimpigia mchoraji nikamwambia yote matatu, hakubisha, alikuja akaangalia na kuandika, akasema ramani zake za sasa ameanza kuweka njia mbili za umeme. Hakurudisha hela ila nilimheshimu.

Kwa ramani namwekea 8 kwa 10, kwa mambo ya umeme na maji machafu 4. Laki tisa ilinilipa siku ile ya tindo peke yake.

Mkataba wa wapangaji unaisha Desemba na wao wenyewe wanahamia kwao, wamejenga Msongola, na yule mtoto wa shemeji niliyemtaja kwa mchoraji kidato cha pili sasa kamaliza chuo, kapata kazi Gongo la Mboto na kanitumia meseji juzi, "mama mdogo naomba nianzie maisha hapo kwako". Fundi nishamwambia aje Jumamosi ya kwanza ya Januari kufungua korido. Zile tofali kasema tusitupe, tuzipange uani.